Chini ya Mlango

Mlango wa jikoni ulikataa kufunguka. Sajini Bochaberi aliusukuma kwa kiganja, kisha kwa bega, ukakwaruza sakafu na kukwama nusu njia.

"Inua kwanza, halafu sukuma!" Susana alimwambia kutoka ndani. "Hiyo mlango ina maringo yake. Mvua ikinyesha inavimba, inakaa hivyo mpaka ipende yenyewe."

Bochaberi akauinua, akasukuma, akaingia kiubavuubavu. Alikuwa mpelelezi wa Homa Bay, binti wa Kisii aliyezoea kuambiwa kwamba hajui mambo ya watu wa ziwa. Wala hakubisha. Asiyejua huuliza, na yeye serikali inamlipa kwa kuuliza.

"Mama, si mume wako alikuwa fundi wa milango?"

"Ya watu!" Susana alisema, akimsogezea kigoda. "Hoteli, ofisi, maduka ya wakubwa. Huyo anatoa mlango kwa bawaba, anailaza chini, anaipaka vanishi mpaka kule juu, mpaka kule chini ambako hata panya hatazami. Anasema maji huingilia pale fundi mvivu ameacha wazi. Mimi namwambia, baba, na yangu je? Ananiambia wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo nimeingoja tangu tuoane."

Alicheka. Kisha akainua upindo wa leso na kujifuta macho.

Mume wake, Jacktone, hakuwa ameonekana tangu siku ile reli ya roshani ilipoanguka na mhudumu katika Hoteli Nuru ya Ziwa, mjini Homa Bay. Kazi ya mbao pale hotelini, ndani na nje, ilikuwa yake. Siku iliyofuata koti lake la kazi likaokotwa kwenye mawe ya ufuo wa Rusinga, chini ya boma lake mwenyewe. Wavuvi wakatafuta mpaka wakachoka. Ziwa halikutoa kitu.

Na kesho asubuhi ukoo ungemzika. Kwa kuwa mwili haukuwapo, wangezika yago.

Lilikuwa limelazwa barazani juu ya mkeka, tunda refu zito la ule mti wa yago, limefunikwa shuka jipya. Konstebo Chrispine, mzaliwa wa Karachuonyo, alivua kofia alipolipita, na Bochaberi akamwona.

"Afande, usinicheke," Chrispine alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akipotea na mwili ukose, hii ndiyo inalala kwa kaburi yake. Ikishaingia udongoni, amekufa. Amekufa kabisa. Hata akitokea kesho kutwa hapo kwa lango, haingii. Watu watamkimbia. Huyu mama atakuwa mjane na bwana yake amesimama barabarani."

"Na kama yuko hai?"

"Ndiyo nakuambia tuna leo peke yake."

Aliyepanga siku ya maziko alikuwa Jeremiah, kaka mkubwa wa Jacktone, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Wiki nzima Bochaberi alikuwa amemweka huyu moyoni. Anayeharakisha kuzika ana jambo, ndivyo alivyofunzwa, na shamba la Jacktone lilipakana na la kaka yake. Akamfuata nje, penye mti wa ndimu, akamuuliza bila kuzunguka.

"Mzee, haraka ni ya nini?"

"Haraka?" Jeremiah alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Afande, mimi nikifumba macho namwona ndugu yangu. Amelowa maji, amesimama hapo nje, hana pa kuingia. Ananiuliza, Jeremiah, sasa mimi nilale wapi? Wewe ungemjibu aje?"

Yule mzee alifuta machozi kwa kiganja, akageuka na kuutazama mti wa ndimu. Bochaberi naye akatazama viatu vyake. Kama mtu anaweza kulia hivi kwa ajili ya shamba, alijiambia, basi mimi niache upelelezi nikauze ndizi Keroka.

Akarudi ndani, akaomba koti. Polisi walikuwa wamelipiga picha na kulirudisha, na kwa aibu ya wote hakuna aliyeligeuza ndani nje. Aligeuza. Lilikuwa koti la buluu lililokakamaa kwa vanishi, na kifuani, upande wa ndani, palishonwa mfuko mwembamba mrefu.

"Huu mfuko ni wa nini?"

"Nilishona mimi. Ni ya brashi yake, ile ya manyoya laini. Haachi mtu aishike. Hata mimi, mke, sijawahi."

"Iko wapi?"

Susana alitazama ukutani, kwenye rafu, chini ya meza. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakuwa amekikosa mpaka dakika ile. "Hapa haiko."

"Na hapa mfukoni hakuna. Mama, mtu akiamua kwenda majini, anavua koti, halafu anachukua brashi?"

Susana alijiziba mdomo kwa mkono. Kisha akautoa.

"Usiniambie hivyo kama huna hakika, mwanangu. Kulia nimeshajifunza. Usinifundishe tena kungoja."

Neno hilo lilimchoma Bochaberi. "Hakika sina," alisema. "Nipe mpaka jioni."

Njiani kwenda Homa Bay, Chrispine aliendesha gari huku akinung'unika. Jana yake alikuwa ametumwa Osiri, kwenye mashimo ya dhahabu, baada ya mtu kupiga simu kwamba Jacktone yuko huko. "Na kweli Jacktone nilipata. Kijana mdogo, vumbi mpaka kwa kope. Aliponiona akatoka mbio. Nilimkimbiza mpaka nikakosa pumzi, kumbe alidhani nimetumwa na bwana ya mtu!"

Bochaberi alicheka, na alihitaji kucheka.

Hoteli Nuru ya Ziwa ilitazama maji. Mwenyewe, Ahmednur, alikuja mjini miaka mingi iliyopita kutoka Garissa, akiuza vitambaa, na sasa anakula omena bila kushurutishwa. Aliwapokea akiwa amechoka. "Afande, maelezo nimeandikisha. Vipande vya reli viko stoo, sikuweza kuvichoma."

"Kwanza nionyeshe milango."

Alichutama mbele ya mlango wa ukumbi wa chakula, akatoa kioo chake kidogo cha poda na kukisukuma chini ya mlango. Ahmednur alimtazama Chrispine. Chrispine akatazama dari. Kwenye kioo, ukingo wa chini wa mlango uling'aa sawasawa na uso wake. Ni kweli alivyosema Susana, mpaka kule ambako hata panya hatazami.

"Rangi hii nyeusinyeusi inaitwaje?"

"Haina jina, anapika mwenyewe. Anapaka sturungi kwanza, chai nzito isiyo na maziwa. Ikikauka, anapaka siki aliyolowekea ile waya ya kusugua sufuria, na mbao inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Wallahi, siku ya kwanza nilisoma dua! Mpishi wangu naye alikuwa analia, kila siku majani ya chai yameisha."

Pale mapokezi alikaa Dolphine, yule mhudumu aliyeanguka. Fimbo yake ilikuwa imeegemea kiti. Mguu ulimchelewesha lakini ulimi haukumchelewesha hata kidogo.

"Watu walinizika mapema, afande. Boda wote wa stendi walitangaza nimekufa palepale. Mama yangu alitoka Sori akilia njia nzima, akanikuta Kisumu hospitalini naitisha chapati."

"Jacktone alikuwa wapi siku hiyo?"

"Matanga, kwao Rusinga. Aliondoka Ijumaa. Kabla aende aliniita, akaniambia, nyathina, mtoto wangu, usiegemee hapa. Miguu ya hii reli imeoza, nangoja mbao mpya. Akafunga kamba. Mimi ile kamba nilikuwa naiheshimu."

"Kwa hivyo ulianguka aje?"

"Siku ya harusi kamba haikuwako. Na reli ilikuwa inang'aa, mpya kabisa. Nikajua ameshabadilisha. Nikaegemea, nipige maharusi picha." Aliigusa fimbo yake. "Sikumlaumu. Nililaumu ile kung'aa."

Bochaberi aliingia stoo. Alichukua kipande cha reli, akakipeleka dirishani. Mguu wake, pale ulipovunjika, ulikuwa umelainika na kuliwa. Lakini juu vanishi ilikuwa nzito, na ndani ya vanishi kulikuwa na madoa. Akadhani ni vumbi. Akasogeza kioo cha poda ili mwanga uangukie vizuri, akaona mabawa. Vijidudu vidogo, vingi hata havihesabiki, vimekwama humo na kukaukia.

"Sam," alisema Chrispine juu ya bega lake. "Wadudu wa ziwa. Wakitoka wanasimama juu ya maji, unaweza kudhani ni moshi. Wakifika mjini wanaingia mpaka kwa uji."

"Bwana Ahmednur, ile milango yako ya nje inatazama ziwa. Mbona haina hata mmoja?"

"Jacktone? Hapaki sam wakitoka! Asubuhi anatazama ziwa kwanza. Akiona ule moshi, anafunga kopo anaenda kulala. Tumekosana sana kwa hilo. Mimi nina wageni, yeye ananiambia ngoja wadudu waolewe."

"Na sam wanapenda nini?"

"Taa," wakajibu wote wawili.

"Basi hii haikupakwa mchana. Ilipakwa jioni, taa za roshani zikiwaka, na mtu ambaye hakujali. Jacktone alikuwa matangani Rusinga. Nani huwasha taa za roshani hapa?"

Ahmednur aligeuka mlangoni mwa stoo. Meneja wake alikuwa amesimama pale na shada la funguo mkononi. Aliitwa Mirumbe, mtu wa Kehancha, shati limepigwa pasi mpaka mikononi. Alizitia zile funguo mfukoni.

"Bwana Mirumbe," Bochaberi alisema kwa upole, "nani alifungua ile kamba?"

"Ilikuwa harusi, afande. Kamba kwenye picha... mama wa bibi harusi alilalamika."

"Nani alipaka?"

"Nilidhani vanishi itaishikilia kidogo. Mpaka harusi iishe tu. Fundi angerudi."

"Vanishi haishikilii mti uliooza. Inauficha."

"Najua sasa."

"Na baadaye mbona ulinyamaza?"

"Kila mtu alisema ni fundi. Na fundi naye akafa. Nikaona marehemu hawezi kufungwa."

Ahmednur aliketi juu ya debe la rangi, palepale, na kanzu yake nyeupe. "Mirumbe! Nimemlaani yule mzee kila swala. Nimemlaani mtu aliyefunga kamba!"

Bochaberi aliita wenzake kwa simu waje wachukue maelezo ya meneja, akafunga kile kipande cha reli kwenye mfuko. Alipopita mapokezi, Dolphine alikuwa amesikia yote, maana kuta za stoo ni mbao. Hakumtukana Mirumbe. Aligeuza kiti chake tu, akamwekea mgongo.

"Afande," alisema, "kama mzee yuko hai mahali, mwambie na mimi niko."

Ndipo Bochaberi akasimama katikati ya ukumbi. "Boda wa stendi walitangaza umekufa, sivyo? Na yeye akitoka matangani alishukia stendi."

"Angeshukia wapi pengine?" alisema Dolphine, na uso ukambadilika.

Ndani ya gari Bochaberi alihesabu mambo yake kwa sauti, kama desturi yake. "Amesikia ameua. Amerudi kwao, ameshindwa kuingia kwa mke wake, ameacha koti ufuoni, ameenda na brashi. Akiwa hai anakula. Akila anafanya kazi, na kazi anayojua ni moja. Huku ziwani kila mtu anamfahamu. Sasa Chrispine, ni wapi wanajenga sana, na ziwa liko mbali?"

"Migori," Chrispine alijibu, akawasha gari. "Pesa ya dhahabu yote inapanda ghorofa huko."

Lakini Migori ni kubwa, na majengo mapya hayakuwa na haya, kila barabara lilikuwapo moja linalochungulia juu ya jingine. Wangeanza kupiga hodi mlango kwa mlango jua lingewachwea njiani. Bochaberi aliamua kuanza pale mafundi wote wanapopita, dukani kwa Shamima, muuza rangi wa barabara kuu ambaye familia yake ilitoka Mombasa na kuacha huko kila kitu isipokuwa Kiswahili.

"Karibuni, karibuni jamani! Askari hawaji kwangu ila wakitaka kupaka kituo. Leo rangi gani?"

"Leo ni maswali, dada. Nani ananunua vanishi kwako?"

"Eh, kila mwenye mlango! Utaniweka hapa hadi kesho."

"Hadi kesho sina. Nani ananunua vanishi, lakini rangi ya mbao hanunui?"

Shamima alikuwa anafunga kopo. Mkono ukasimama juu ya kifuniko. "Hebu sema tena."

"Vanishi anachukua. Rangi hachukui."

"Hee! Yupo, Wallahi yupo. Msimamizi wa jengo jipya la chama cha akiba, hapo juu ukiipita stendi. Anachukua vanishi, msasa, chupa za siki, na ile waya ya kusugulia masufuria. Nikamwambia chukua basi na rangi ya mbao, nimepokea mzigo mzuri juzi. Akasema fundi wao ya kopo hataki. Nikamtania, huyo fundi wenu anapaka nini, chai? Akacheka hadi akashika meza. Akasema, umejuaje?"

Chrispine alikuwa ameshafika kwenye gari.

Jengo la chama lilikuwa bado na majukwaa ya miti upande mmoja. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa umekwisha kuwekwa, mzito, mweusinyeusi. Bochaberi hakugonga. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya wachanganya saruji, akasukuma kioo chake chini. Mmoja akamwuliza kama amepoteza hereni. Alikiinamia kioo. Ukingo wa chini uling'aa.

"Fundi wenu wa mbao ni nani?"

"Sammy," walimwambia. "Mzee mmoja hivi, hana maneno. Yuko ndani kwa kaunta. Mkitaka chai ndiyo hiyo amemaliza yote."

Harufu ya sturungi ilimwongoza. Katika chumba cha ndani, chini ya dirisha, mtu mwembamba mwenye ndevu alizoziacha ziote zenyewe alikuwa ameinamia kaunta ndefu, akivuta brashi ya manyoya laini kutoka ncha hadi ncha bila kuiinua. Hakutazama nyuma.

"Usiguse hapo, haijakauka."

"Sigusi. Nimetoka Rusinga."

Brashi ilisimama. Yule mtu aliimaliza safari yake kwanza, mpaka mwisho wa ubao, kisha akailaza taratibu juu ya kopo. Akageuka akiwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu.

"Nilijua mtakuja," Jacktone alisema. "Nilikuwa naomba Mungu tu nimalize hii kaunta ya watu."

"Shusha mikono, mzee wangu. Sina pingu."

"Mlimzika wapi yule mtoto?"

"Dolphine?" Bochaberi alihisi machozi yakimjia, akaudhika nayo, askari mzima. "Dolphine anakusalimu. Yuko mapokezi na fimbo yake, na mdomo haujapungua hata kidogo. Amesema nikikupata hai nikwambie na yeye yuko."

Jacktone alitafuta mahali pa kukaa na hakupaona, akakaa chini. Chrispine alimletea maji. Hakuyanywa. Alikuwa anasema jina la yule msichana, mara moja, tena mara moja, kwa sauti ya mtu anayejaribu kama sakafu itambeba.

"Boda aliniambia amekufa palepale. Nilirudi nyumbani, nikasikia Susana anaimba jikoni. Ningemwambia nini? Nikateremka ufuoni. Lile koti lilikuwa linaninukia ile kazi, nikalivua, nikalikunja. Nilikaa pale. Halafu miguu ikanitoa. Sikujua watasema nimezama."

"Brashi ulibeba kwa nini?"

"Sijui, afande. Sijawahi kwenda mahali bila hiyo."

Bochaberi alifungua mfuko, akampa kile kipande cha reli. Jacktone alirudi nyuma kidogo. Kisha ufundi ukamshinda. Alipangusa mikono kwenye suruali, akakipokea, akakigeuzia dirishani. Akakisugua kwa kidole gumba. Akakinusa. Paji la uso likajikunja.

"Nani amepaka hii?"

Bochaberi na Chrispine walitazamana.

"Nauliza nani amepaka hii takataka!" Alikuwa amesimama bila kujua amesimama. "Sam wote hawa! Nani anapaka vanishi ziwa limetoa sam? Na taa juu yake! Na mbao ilikuwa bado inakunywa maji, tazama hapa, imefungiwa maji ndani!"

"Kwa hivyo si wewe."

"Mimi? Afande, unaweza kunishtaki, lakini usinitusi!"

Chrispine aliangua kicheko, akajiziba. Na hapo ndipo Jacktone akasikia alichokuwa amesema. Alitazama kile kipande, akamtazama Bochaberi, akatazama tena wale wadudu waliokaukia kwenye kazi isiyokuwa yake.

"Kamba yangu ilifunguliwa," alisema polepole.

"Ilifunguliwa na mtu ambaye ameshakubali mbele yangu."

"Hata hivyo. Nilijua miguu imeoza. Ningeing'oa siku ileile."

"Hilo utalieleza, na nitaliandika kama ulivyolisema. Lakini hukuua mtu, mzee. Na ulimwonya. Ndiyo maana yule msichana hana kinyongo na wewe."

Alilia basi, mzee wa watu, akiwa amekumbatia ule mguu wa reli uliooza, na wachanganya saruji waliokuja kuchungulia wakarudi nyuma kwa vidole vya miguu. Bochaberi alimwacha alie. Jua lilikuwa limeanza kuinama, lakini jambo gumu zaidi alikuwa bado hajamwambia.

"Mzee. Nyumbani wamekata yago."

Machozi yalikauka palepale. "Imefika wapi?"

"Barazani. Imefunikwa shuka. Kesho asubuhi."

"Haijaingia ardhini?"

"Bado."

"Jeremiah amekubali?"

"Jeremiah anakuota kila akilala. Anataka upate pa kulala tu."

Jacktone alijishika kichwa. Bochaberi hakungoja aseme zaidi, maana aliona anavyoanza kutazama mlango wa nyuma. Mtu aliyezoea kuwa marehemu huona haya kufufuka. Akapiga namba ya Susana, akaweka sauti wote wasikie, akamwekea simu kiganjani.

"Afande?" Sauti ya Susana ilitoka na kelele za watu nyuma yake, vyungu, mtu akiita maji. "Afande, jioni ndiyo hii. Umepata nini?"

Jacktone aliisogeza simu karibu na mdomo. Akaishika kwa mikono miwili.

"Afande Bochaberi? Mbona hunijibu? Nani huyo anapumua?"

Alikohoa. Kikohozi kikavu cha miaka ya msasa na vanishi, wala hakukusudia. Upande wa pili kila kitu kikanyamaza, mpaka vyungu.

"Susana," alisema.

Walisikia hatua za Susana, haraka haraka, kisha mtu akihema kwa nguvu, kisha kishindo cha bega kwenye mbao. Nyuma yake Jeremiah aliuliza kwa Dholuo ni nani, akauliza tena, na mara yule mzee mkubwa wa maneno machache akaanza kuwapigia kelele wachimba kaburi, aloo, acheni, wekeni majembe chini, na sauti ikampasuka katikati.

Susana hakulia. Aliposema, alisema kama mtu aliyekuwa anaendeleza mazungumzo ya asubuhi.

"Jacktone, nilitaka kuingia jikoni nikusikie vizuri. Hii mlango imenifungia nje tena."

"Inua kwanza."

"Nimechoka kuinua. Kuja na randa yako."

"Nakuja. Nakuja leo. Nitaitoa kwa bawaba, nitailaza, nitairanda, halafu nitaipaka."

"Mpaka wapi?"

Jacktone alifuta uso kwa mkono ule wenye rangi, ukamwachia mstari mweusi shavuni. Brashi ilikuwa imeanza kukaukia juu ya kopo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuiangalia.

"Mpaka chini, mama," alisema. "Mpaka chini kabisa."